Ijumaa Ambayo Kasimiri Hakuonja

Mdogo wangu Kasimiri alikuwa mpishi. Naliandika neno hilo mwanzoni kabisa kwa sababu kwa miaka mingi nyumbani kwangu hatukulitamka. Marehemu mume wangu, Benedikto, alikuwa mkaguzi wa shule, na mimi nilikuwa mwalimu. Wageni walipouliza habari za ndugu zangu tulijibu kwamba Kasimiri yuko misheni, na baadaye kwamba yuko kiwandani. Yote mawili yalikuwa kweli. Mgeni aliyetaka kujua anafanya nini huko kiwandani aliongezewa chai.

Baba yetu alikuwa katekista huko Mgeta, na nyumba ya katekista huangaliwa kuliko nyumba ya mtu mwingine. Nilipokuwa darasa la tatu, mtu mmoja aliyekula kwetu siku ya Komunyo ya Kwanza ya kaka yangu aliugua tumbo, akafa siku ya tatu. Huenda alikuja na ugonjwa wake. Lakini kwetu mwenye chakula huonja kwanza mbele ya mgeni, ili mgeni ale kwa amani, na watu wakaanza kukumbuka kwamba siku ile hakuna aliyemwona mama akionja. Alikuwa na vyungu vitano motoni na hakuwa na wa kumsaidia, alisahau. Baba hakubishana na mtu. Aliwaita wazee wa ukoo na majirani, mama akapika vyungu vitano vilevile, akasimama uani akaonja kimoja baada ya kingine watu wakimtazama koo. Alikuwa na mimba kubwa. Mtoto aliyekuwa tumboni ni Kasimiri.

Mama hakuwahi kuisimulia siku ile. Mimi niliiona, na nadhani ndiyo iliyonifanya niwe mtu wa kuchunga maneno.

Kasimiri hakupenda shule. Akiwa na miaka kumi na minne aliingia jikoni kwa mapadre Waholanzi, kwanza kuchanja kuni, kisha kumenya, kisha kupika. Padri aliyemfundisha alikuwa mkali na mchamungu. Alimfundisha kuoka mkate, kukausha nyama kwa moshi na kutengeneza supu ya njegere, na alimfundisha pia kwamba mfungo unaotangazwa umekwisha kulipwa. Ukifunga, paka mafuta kichwani, nawa uso, nyamaza. Kasimiri alilishika hilo kama alivyolishika somo la mkate. Ijumaa za Kwaresima hakutia nyama kinywani, wala mchuzi wake, wala ncha ya mwiko. Alipohamia mjini Morogoro kupika katika kantini ya kiwanda kimoja cha umma, wafanyakazi walikula nyama Ijumaa kama siku nyingine, naye aliwapikia bila kuonja, kwa pua na kwa sikio. Alisema mchuzi uliokolea huchemka kwa sauti nzito. Kwa miaka kumi na tisa hakuna aliyelalamika, na hakuna aliyejua ila sisi wa nyumbani.

Kisha kiwanda kikauzwa. Majina yalisomwa uwanjani, na kantini ikawa ya kwanza kufungwa, maana mwekezaji alisema kila mtu aje na chakula chake. Kasimiri alirudi kwenye chumba chake na mkewe Rosa kule Mwembesongo, akawa anapika misibani na harusini, leo yupo kesho hayupo. Kurudi mlimani kulima hakuwezekana. Sisi hurithi upande wa mama, na sehemu yake ya shamba la ukoo alikuwa amewaachia wanangu zamani, wakati bado ana mshahara. Wanangu walikuwa wamepanda kabichi. Hakuwahi kuwadai.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Mwanzoni mwa Kwaresima ya mwaka 1999 alikuja kwangu Kilakala, akakaa barazani na kofia yake magotini.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Rosa hajambo?"

"Hajambo. Nimekuja kukuomba uende hotelini Ijumaa ijayo."

"Kufanya nini?"

"Kula."

"Ijumaa ya Kwaresima, Kasimiri?"

"Najua. Kutakuwa na magimbi."

Nilicheka, na yeye akatabasamu kidogo. Kisha akanieleza. Hoteli aliyoitaja zamani ilikuwa nyumba ya wageni ya shirika la umma. Sasa ilikuwa ya Bwana Evance, mfanyabiashara aliyehamia kutoka kaskazini. Alikuwa ameipaka rangi, ameweka majiko ya gesi, na alitafuta mpishi mkuu. Walikuwa wamebaki wawili: Kasimiri, na kijana mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Wilfred, mwenye cheti cha chuo. Ili watu waijue hoteli, Bwana Evance aliandaa chakula cha jioni na kumwalika Shefu Geofrey, yule wa kipindi cha mapishi cha televisheni, aje azungumze. Wapishi wote wawili wangepika. Shefu angekula, kisha angemwambia mwenye hoteli nani anafaa.

"Nina miaka hamsini na moja," Kasimiri alisema. "Nikikosa hii, hakuna mwingine atakayeniajiri. Nitabaki na masufuria ya misiba."

"Sasa mimi nitakusaidia nini huko?"

"Ukae mbele. Wakiniita nitoke jikoni, waone nina watu."

Sikuwa na nguvu ya kwenda popote. Tangu nimzike Benedikto nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi, na mikusanyiko ya watu waliopata ghafla ilinichosha zaidi. Lakini mtu aliyeacha shamba lake kwa wanangu hakuwa ameniomba kitu tangu utoto. Nilisema nitakwenda.

Nilimchukua jirani yangu Shakila, muuza vitenge, ambaye alikitazama kipindi kile kila wiki na kuapa kwamba biriani yake imebadilika kwa sababu yake. Ijumaa ile mvua ilikuwa imenyesha mchana, na mawingu yalikuwa yamelala katikati ya mlima. Tulifika jua likizama. Ukumbi ulikuwa umepambwa maua ya plastiki na taa za rangi. Walikuwepo wenye maduka, maofisa, walimu wa chuo kikuu, watu wa mashirika, na wanawake kadhaa wa parokia yetu waliovaa vizuri kuliko Jumapili. Tuliamkiana kwa haraka bila kutajiana siku.

Shefu Geofrey alipoingia watu walipiga makofi wakasimama.

"Jamani," Shakila alininong'oneza, "kumbe mfupi hivi? Kwenye televisheni anafika kabatini!"

"Labda kabati ndilo fupi."

"Mambo vipi, Moro?" Shefu alisema kwenye kipaza sauti, nacho kikapiga mluzi.

"Poa!" wakajibu vijana. Sisi wa umri wetu tulitazamana, tukaacha ipite.

Sina ubaya na kijana yule. Alijua kazi yake, na alijua kusema. Alikuwa na jiko dogo mezani, akakatakata vitunguu huku akitutazama sisi wala si kisu, na huku akieleza alivyofanya kazi melini na Uarabuni, na jinsi alivyopigwa kofi na mpishi mkuu wake wa kwanza kwa kuunguza wali. Alisema zamani tulikula kilichopo, sasa soko limefunguliwa na mteja anachagua, na mteja akichagua hoteli ya jirani usimlaumu, jilaumu. Alisema mboga za Mgeta zinasafirishwa Dar na sisi wenyewe tunakula makapi. Hapo alipigiwa makofi mengi, hata na mimi. Alizungumza muda mrefu. Miguu yangu ilikuwa imevimba ndani ya viatu na nilikuwa nikihesabu maua ya plastiki.

Kisha akaeleza desturi ya kipindi chake. Kabla watu hawajala, mpishi hutoka, huonja mbele ya wote, na Shefu hupaza sauti, "Mpishi kwanza!" Shakila alikuwa akilijua neno hilo, naye akalisema pamoja naye kama mtoto wa shule.

Mimi sikulijua. Sikuwa na televisheni. Kasimiri naye hakuwa nayo, na ilikuwa Ijumaa.

Alianza Wilfred, na kuku wa nazi. Alitoka na kofia ndefu nyeupe, akachota, akaonja, akabusu vidole vyake. Ukumbi ukacheka, sahani zikapita, watu wakala. Wanawake wa parokia nao wakala. Sikuwahukumu, chakula kikishafika mbele yako, na mumeo ana biashara na mwenye hoteli, Ijumaa huwa siku kama siku nyingine. Mimi nilichukua magimbi.

"Mwalimu, huli kuku?" Shakila aliuliza. "Kachinja Muislamu, nimeuliza."

"Ni Kwaresima. Ijumaa hatuli nyama."

Alizungusha macho akawatazama wenzangu wa meza za pembeni. "Hatuli nani?"

"Kula, Shakila."

Halafu ikaja sahani ya Kasimiri. Ilikuwa mbuzi wa kupikwa taratibu na kitunguu swaumu cha Mgeta, pamoja na mchunga, yale majani machungu ya kwetu, yaliyochemshwa na kumwagwa maji mara mbili kisha yakaungwa kwa karanga. Harufu ilifika kabla ya sahani. Mazungumzo yalipungua yenyewe. Niliona mtu mmoja wa benki akifumba macho. Waliohudumiwa kwanza walikuwa wameshaanza kula wakati Kasimiri alipotoka jikoni. Alivaa koti jeupe la kuazima lililombana mabegani. Aliniona, akatikisa kichwa kidogo.

"Huyu ndiye mzee wetu wa milimani," Shefu alisema. "Makofi! Mzee Kasimiri, mpishi kwanza!" Akamnyooshea kijiko kilichojaa.

"Asante, mwanangu. Wale wageni."

"Hapana, mzee. Hapa mpishi ndiye anafungua njia."

"Nisamehe. Sionji."

"Huonji? Umepika bila kuonja?"

"Bila kuonja."

Watu walicheka. Walidhani ni mchezo waliopanga.

"Sasa chumvi umeijuaje?"

"Kwa pua."

Wakacheka zaidi. Shefu naye alicheka, akakisogeza kijiko mpaka karibu na mdomo wa Kasimiri. "Basi pua imeshashiba. Tuupe na ulimi."

Kasimiri alirudi nyuma hatua moja, akainamisha macho. Kicheko kikapungua, kikaisha. Nilijua kwa nini hasemi. Ningeweza kumsikia padri wake ndani ya ukimya ule.

Hapo ndipo Pazi aliposimama.

Pazi alikuwa akiiuzia hoteli mboga, ndiyo maana alialikwa. Ni wa ukoo ambao ni watani wetu tangu mababu. Akifa mtu kwetu, wao ndio huchimba kaburi na kumtukana marehemu mbele ya jeneza, nasi hucheka huku tukilia. Mtani hakasirikiwi. Mtani akiona jeraha hulitia kidole, na hiyo ndiyo heshima yake kwetu.

"Msile, jamaa zangu!" alipiga kelele, mikono kichwani. "Ukoo huo nawajua mimi! Mama yao alionjeshwa vyungu vitano mbele ya kijiji! Leo mwana kakataa hata kijiko! Wekeni sahani chini, mwiteni daktari, mimi nakwenda kuchukua jembe!"

Watu wa kwetu, labda robo ya ukumbi, waliangua kicheko mpaka wakagonga meza. Lakini Morogoro siku hizi ni mji wa watu wa kila mkoa. Wengine wote hawakujua kwamba Pazi ni mtani. Walisikia mtu anayeujua ukoo wa mpishi akisema msile. Niliona vijiko vikiwekwa chini, kimoja hapa, kingine kule, kwa adabu, kama watu walioshiba. Mwanamke mmoja alitema kwenye leso. Yule wa benki aliyefumba macho aliisukuma sahani yake. Bwana Evance alisimama kwenye mlango wa jikoni, uso umemkauka. Pazi naye alikuwa ameona, na mikono yake ikashuka polepole kutoka kichwani, lakini utani ukishatoka huwezi kuurudisha kwa kusema samahani. Ukisema samahani umekuwa kweli.

Niliwatazama wanawake wa parokia. Kila mmoja wao alijua ni Ijumaa gani. Mmoja tu angesema, "Mkatoliki huyu, leo hali nyama," jambo lingeisha. Lakini walikuwa wameshakula kuku, na hakuna aliyetaka kuikumbusha meza yake siku ile. Waliangalia vitambaa vya meza.

Ningeweza kusema mimi. Nilifikiri hivyo, na nilikuwa na sauti ya darasani inayofika ukuta wa mwisho. Lakini ningekuwa namvua nguo. Kitu alichokificha miaka yote ile, hata kwa watu aliowalisha, ningekitangaza kwenye kipaza sauti ili apate kazi. Na kama nisingesema, kesho mji ungekuwa na habari ya mpishi aliyekataa chakula chake, na nyuma yake habari ya mama na vyungu vitano, ambayo ilikuwa imelala miaka hamsini.

Nilisimama. Njia kutoka mezani kwangu hadi pale mbele haikuwa ndefu, lakini naikumbuka kama kupanda Mgeta kwa mguu.

"Samahani, baba," nilimwambia Shefu, nikachukua kipaza sauti. "Mimi ni Mwalimu Yuliana, mjane wa marehemu Benedikto aliyekuwa mkaguzi wa shule. Huyu mpishi ni mdogo wangu, tumbo moja. Yule aliyesema pale ni mtani wetu, na maneno yake ni ya mtani, asiyejua na ajue. Kwetu ndugu akionja, mpishi ameonja."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita mpishi mbele za watu.

Nilikichukua kile kijiko, nikala. Nikachota cha pili, nikala na mchunga. Nikachota cha tatu. Nilikula mpaka tano, na waliokuwa wakiijua hesabu ile waliijua. Sikumtazama Kasimiri. Macho yangu yalikuwa kwa wale wanawake wa parokia, nao sasa walikuwa wakinitazama, maana waliona kuwa nimekula nyama Ijumaa ya Kwaresima kwa mdomo mpana mbele ya taa.

Pazi alikuja mbio akipenyapenya kati ya meza. "Nipeni na mimi! Nipeni! Nikifa mtanizika ninyi, na mtachimba wenyewe, mpate malengelenge!" Akala kwa mkono, moja kwa moja kutoka bakulini, akalamba na kidole. Watu wakacheka kwa namna ya watu walioruhusiwa. Shakila, kule mezani, alinyanyua sahani yake juu wote waione na kuanza kula kama anayeshindana. Vijiko vikarudi mikononi, si vyote.

Shefu Geofrey alikuwa mtu wa haki kwa kadiri yake. Alionja, akaonja tena. Akasema hajala mbuzi kama yule tangu aanze kazi. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini lakini kipaza sauti kilikuwa wazi: "Ila mzee, mteja haoni pua yako. Mteja anaona kijiko."

Nilimkuta Kasimiri nyuma ya jiko, amekaa juu ya kreti la soda, lile koti ameshalivua na kulikunja vizuri.

"Dada," alisema, "ungesema tu."

"Ungenichukia."

"Ningekuchukia mpaka Pasaka. Ningekusamehe." Alijifuta uso. "Sasa wewe ndiye umekula."

"Nimekula ili wasiseme."

"Najua ulikula kwa nini." Alisema bila hasira, na hilo lilikuwa baya kuliko hasira. "Mimi nimeipoteza kazi kwa ajili ya Ijumaa, halafu Ijumaa yenyewe umeila wewe. Tumebaki na nini?"

Shakila alikuja akasema teksi imepatikana.

Jumatatu Bwana Evance alituma barua fupi, yenye heshima. Wilfred alichukuliwa. Nilikaa nikamwandikia Bwana Evance barua ya kurasa mbili nikimweleza kila kitu kuhusu mfungo ule, kwa Kiswahili kizuri kuliko chochote nilichowahi kuandika, kisha nikampelekea Kasimiri kwanza aisome. Alisoma yote. Akaichanachana taratibu, akaitia kwenye jiko la mkaa ambalo Rosa alikuwa akiliwasha.

"Kazi ya kuombewa kwa mfungo nitaipikiaje?" alisema.

Wanangu nao niliwaambia waache shamba la mjomba wao. Waliona haya, wakavuna kabichi zao, wakaliacha. Kasimiri alikwenda kuliangalia mara moja, akasema magoti yake hayapandi tena, likarudi mikononi mwao. Hayo nayaandika ili isije ikasemwa kwamba hatukujaribu.

Kwa padri nilikwenda kuungama. Aliniuliza kama nilikuwa na njaa. Nilisema hapana. Akaniambia nisali Rozari moja na nipumzike, kwamba naonekana mtu aliyechoka. Wanawake wa parokia walinisema wiki mbili, kisha wakapata jambo jingine. Kuhusu vyungu vitano hakuna aliyesema. Jina la nyumba ya baba lilipona. Nilitaka lipone na lilipona.

Siku ya Pasaka, baada ya Misa, Kasimiri alikuja Kilakala na Rosa, na sufuria imefungwa kwa kitambaa. Tangu usiku ule hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu. Aliiweka sufuria mezani, akaifunua. Ilikuwa ni mbuzi yule yule, kwa kitunguu swaumu kile kile, na mchunga pembeni. Alichota kijiko, akaonja mbele yangu, akatafuna polepole, macho ameyaelekeza dirishani. Akachota tena. Nilimwacha. Alikuwa akionja kwa mara ya kwanza chakula kilichompotezea kazi, na sikutaka kumharakisha.

Akanipa kijiko. "Dada, nikuulize kitu."

"Niulize."

"Siku ile. Chumvi ilitosha?"

Nilimwambia ilitosha, kwamba ilikuwa sawasawa kabisa, haikuzidi wala haikupungua. Akashusha pumzi, akavuta kiti, akaanza kutupakulia.

Kwa kweli sikumbuki. Nilikula vijiko vitano nikiwatazama watu, na sikusikia ladha yoyote.